Kurasa Nyeupe za Daftari

Tulipoipita Misigiri dereva alipunguza sauti ya redio, na tulipofika ukingoni, pale ambapo ardhi ya Iramba inakatika ghafla na bonde la Wembere linajifunua chini kama mkeka uliotandazwa juani, akaizima kabisa. Utingo alisimama mlangoni, mkono mmoja juu ya bomba, macho mbele. Gia ndogo ikaingia, injini ikaguna, na basi likaanza kuuteremka mlima Sekenke kona baada ya kona, nyuma ya lori la shehena lililokuwa likiacha harufu ya breki zinazoungua. Kijana mmoja alilalamika kwamba tunakwenda kama msafara wa msiba. Mzee aliyekaa mbele yangu akamjibu bila kugeuka: "Mwanangu, mlima huu haushukwi kwa breki. Unashukwa kwa gia uliyoingiza ukiwa bado juu." Kijana akanyamaza. Mimi nikaukaza mkono juu ya mfuko wa kitambaa niliokuwa nimeupakata. Ndani yake mlikuwa na madaftari matatu ya shule, yale yenye jedwali la kuzidisha nyuma ya jalada. Yalikuwa ya mjomba wangu. Tulikuwa tumemzika siku tisa kabla, huko juu upande wa Kiomboi, na nilikuwa nikiyapeleka chini, Shelui, kwa dada yake, ambaye kwangu ni mama mdogo.

Yeyote aliyewahi kumpeleka mgonjwa katika zahanati za kwetu analijua daftari hili. Unalinunua kwenye duka la nje ya geti, unaandika jina juu ya jalada, na kuanzia hapo maisha ya mtu yanajipanga mstari kwa mstari kwa kalamu za watu wasiojuana. La kwanza la mjomba limeanza mwezi wa saba mwaka 1979, mtama ukiwa umeshavunwa. Mwandiko ni wa haraka, wino wa buluu. Hajalala siku tano. Anaongea bila kituo. Anasema dhahabu yote ya Sekenke ni yake na serikali imemwandikia barua. Ameuza ng'ombe wawili kwa bei ya mbuzi. Ameletwa amefungwa kamba. Kisha majina ya sindano na vidonge, kisha, siku kumi na nane baadaye, kalamu nyingine: Ametulia. Arudi baada ya wiki mbili. Chini ya mstari huo, bila hata nafasi ya kupumua, kuna tarehe inayofuata, na tarehe hiyo ni ya mwaka 1986. Nilipitisha kidole hapo. Miaka saba imekaa ndani ya ufa usiotosha hata ukucha. Katika ufa huo mjomba alioa, akafyeka shamba la alizeti, akaezeka nyumba kwa bati, akanishikia kiti cha baiskeli mpaka nikajua kusimama mwenyewe juu ya magurudumu mawili. Nikimwamkia, "Shikamoo mjomba," aliitika marahaba kisha naye akaniita mjomba, kama ilivyo desturi, na mtoto wa miaka minane akajiona mtu mzima. Hayo hayakuwa na kalamu. Kalamu ilimngoja apandwe.

Nne tu. Nilihesabu mara mbili basi likiwa kwenye kona kali kuliko zote. Mwaka 1979, 1986, 1994 na 2008. Mara nne katika miaka zaidi ya arobaini akili ya mjomba ilipanda mlima usiokuwa na kilele, na mara zote nne iliposhuka ilishukia pale pale ilipotoka: shambani, kwa mkewe, kwenye kiti chake cha kamba chini ya mwembe. Sikuwahi kumwona akilala mchana ameutazama ukuta. Kijiji hata hivyo kilimjua kwa siku zile za mara nne. Ukiuliza nyumba yake unaonyeshwa: kwa yule wa Mirembe. Hospitali ile ya wagonjwa wa akili ya Dodoma imekuwapo tangu mwaka 1927, na jina lake limesafiri hadi kwenye midomo ya watoto wanaotaniana mchangani. Mjomba hakuwahi kufika huko. Ilitosha kwamba angeweza kufika.

Daftari la zamani la mama mdogo lina kurasa mbili tu zilizoandikwa. Alikuwa na mtoto wa wiki tatu mgongoni alipoanza kuimba usiku kucha na kugawa vyombo vyake kwa wapita njia, khanga, masufuria, hata kinu. Siku ishirini na mbili. Wazee wakasema ni kichaa cha uzazi, akadungwa sindano, akalala, akaamka mpole. Ikaisha. Daftari likawekwa chini ya sanduku la nguo na kurasa zake nyeupe zote. Lakini mimi niliyelelewa nyumbani kwake kwa vipindi najua yaliyokuwa ndani ya weupe ule. Ilikuwa misimu, na misimu hiyo ilikuwa mirefu kuliko masika. Alikuwa akikaa mlangoni na kisu mkononi na kitunguu nusu kilichomenywa, na ukitoka kisimani na kurudi unakuta kitunguu kile kile, nusu ile ile, maganda yamekauka. Macho yalikuwa wazi. Ukimwita aliitika, ila sauti ilichukua muda kufika, kama ndoo inayovutwa kutoka chini sana. Hakulia. Wageni walidhani anapumzika. "Kimya kingi kina mshindo mkuu," wahenga walisema, na watu walimtazama wakingoja mshindo. Haukuja. Kilikuja kimya kingine.

Ukoo uliwapa wote wawili jina moja. Kichaa cha ukoo, walisema, kama vile wangesema pua ya ukoo. Na kwa kweli madaktari nao wamewapa jina moja, bipola, ugonjwa wa ncha mbili. Kuna haki ndani ya jina hilo, kwa sababu ugonjwa huu hupenda kutembea na damu: aliyezaliwa tumbo moja na mgonjwa ana uwezekano mkubwa kuliko jirani yake wa kuupata. Shirika la Afya Duniani lilikadiria mwaka 2019 kwamba watu milioni 40 wanaishi nao. Lakini basi linaposhuka Sekenke na wewe umepakata madaftari matatu yaliyojaa mlima, na unakwenda kwa mtu ambaye lake limejaa weupe, jina moja linaanza kukubana kama kiatu cha mtu mwingine. Mmoja aliishi juu ya uwanda wa Iramba, akarushwa angani mara nne, akarudi. Mwingine aliruka mara moja tu, akatua bondeni, na bondeni ndiko amekaa.

Walioutazama ugonjwa huu kwa muda mrefu walianza na mashaka hayo hayo. Jean-Pierre Falret alikuwa akiwatazama wagonjwa wake mjini Paris katika miaka ya 1850, akaona kwamba wengine wanazunguka: furaha iliyopitiliza, kisha giza, kisha utulivu, kisha furaha tena. Akauita wazimu wa mzunguko. Nusu karne baadaye Mjerumani Emil Kraepelin alimwandikia kila mgonjwa kadi yake, akaandika alivyoingia, alivyotoka, alivyorudi, alivyoishia. Ninapowaza kadi zile nayaona madaftari ya mjomba. Kraepelin aliamini kwamba sura ya siku moja haikwambii mtu anaumwa nini. Inabidi uufuate ugonjwa mpaka uone unaelekea wapi. Lakini mwaka 1899 alipomaliza kuzipanga kadi, wote waliokuwa na mania, ile furaha iliyopitiliza, na wote waliokuwa na sonona, lile giza, aliwaweka katika kapu moja. Kapu lilidumu. Karl Leonhard alianza kulipasua mwaka 1957 kwa kuwatenga wenye ncha moja na wenye ncha mbili, na mwaka 1966 Jules Angst huko Zurich na Carlo Perris huko Sweden, kila mmoja kwa njia yake, wakaonyesha kwamba wenye sonona peke yake ni watu wengine. Wenye mania peke yake, watu wa aina ya mjomba, waliachwa upande wa ncha mbili, kwa imani kwamba ncha ya pili ipo tu, haijajitokeza. Ngoja, itakuja.

Wakati mwingine huja kweli. Angst aliwafuata kwa miongo wagonjwa zaidi ya 400 waliolazwa Zurich kati ya 1959 na 1963, na kadiri miaka ilivyokwenda ugonjwa uliendelea kurudi hata uzeeni, na wengine waliodhaniwa wa namna moja walionyesha namna ya pili. Lakini wapo ambao ngoja-ngoja hiyo iliwazeesha na wakafa bila kuiona sonona. Waliowachunguza wanasema hao huwa na majivuno makubwa zaidi wakati wa kupanda, na mara nyingi husikia au kuamini yasiyokuwapo. Ila hofu huwasumbua kidogo, hawajaribu sana kujiua, na wakishatulia hurudi kwenye kazi zao na kwa watu wao wakiwa karibu wazima. Ninaposoma hayo namwona mjomba juu ya kiti chake cha kamba, akipepeta mbegu za alizeti kwenye ungo, akipuliza makapi kwa subira ya mtu asiyedaiwa na yeyote.

Bara letu lina neno lake katika jambo hili, na neno hilo lina uchungu. Katika miaka ya 1980 daktari Makanjuola wa Nigeria aliandika kwamba kati ya wagonjwa wake Wayoruba walikuwapo wengi waliopata mania tena na tena bila sonona yoyote. Madaktari wa Tunisia nao wakaona hali inayofanana. Kwa hiyo huenda mjomba si kioja hata kidogo. Huenda katika nchi zetu yeye ndiye wa kawaida, na kioja ni cha vitabu vilivyoandikwa mbali. Napenda kuamini hivyo. Lakini nakumbuka pia kwamba mtu mwingine aliwahi kusema jambo linalokaribiana na hilo, na alilisema kwa ubaya. J. C. Carothers alikabidhiwa hospitali ya Mathari, Nairobi, mwaka 1938 bila kuwa amesomea magonjwa ya akili, na mwaka 1953 kitabu chake kilichochapishwa na Shirika la Afya Duniani kiliufahamisha ulimwengu kwamba Mwafrika ni nadra kupata sonona, kwa kuwa akili yake haina kina cha kujilaumu. Alihesabu waliokuwa wameletwa kwake. Nani aliletwa Mathari? Aliyevunja, aliyepiga kelele, aliyekamatwa njiani na polisi. Mwanamke mwenye kitunguu nusu hakuletwa. Nani angempakia kwenye gari, na kwa kosa gani? Kamba haifungi kimya.

Ndiyo maana nayatazama madaftari kwa macho mawili. Kwa jicho moja nakiri kwamba watu wanatofautiana kweli, na mania bila sonona ni njia yake yenyewe. Kwa jicho la pili najiuliza ni sonona ngapi zilizama katika ule ufa usiotosha ukucha. Baadaye watafiti wa Ethiopia walifanya kitu ambacho Carothers hakukifanya: huko Butajira, kusini mwa Addis Ababa, walipita nyumba kwa nyumba, wakauliza watu zaidi ya 60,000, wakawapata wenye bipola waliokuwa wakiishi vijijini, wengi wao hawajawahi kupata tiba yoyote, kisha wakawafuata kwa miaka. Kuuliza nyumba kwa nyumba ni heshima. Ni kumwendea mtu bila kungoja afungwe kamba. Na huko Marekani, Lewis Judd na wenzake waliwafuata wagonjwa wa bipola kwa karibu miaka 13, wakijaza hali ya kila wiki. Ilionekana kwamba karibu nusu ya wiki zote mgonjwa alikuwa na dalili fulani, na wiki za sonona zilizidi za mania mara tatu. Kwa wale ambao mania yao huwa ndogo, wasiofikia kufungwa, sonona ilichukua nusu nzima ya maisha. Mara tatu! Ugonjwa umepewa sifa kwa mlima wake, watu wanauishi bondeni.

Hapo chini Wembere ilikuwa imekaribia. Ukiwa juu unaiona buluu na laini, unadhani ni maji. Ukishafika ni vumbi, miti ya miiba, vijaruba vya mpunga vinavyongoja mvua, udongo mweusi unaopasuka wakati wa kiangazi na kunasa magurudumu wakati wa masika. Hakuna anayepiga picha ya bonde. Watu husimama juu ya Sekenke wakapiga picha ya kushuka. Nadhani na sisi tuliwafanyia hivyo wagonjwa wetu. Mania ina hadithi, ina vichekesho ambavyo watu huvikumbuka miaka thelathini baadaye, ina ng'ombe waliouzwa na barua ya serikali. Sonona haina cha kusimulia. Siku ya leo ni kama ya jana, na kitunguu hakijaisha kumenywa.

Mwendo wenyewe pia una maana, nani alianza na nini. Wanaoanza na sonona mara nyingi huendelea kuelemewa na sonona. Wanaoanza na mania hupanda zaidi ya wanavyozama. Mpangilio una uzito: wapo ambao mania hutangulia, sonona ikafuata, kisha utulivu, na hao huitikia vizuri dawa ya lithiamu, wapo ambao sonona hutangulia na kuwarusha juu, na hao dawa hiyo huwasaidia kidogo zaidi. Hili silisemi kwa kupenda mambo ya vitabu. Miaka kadhaa iliyopita mama mdogo alikwenda katika kituo kimoja cha afya akiwa hali, halali, hasemi. Daftari la zamani lilikuwa chini ya sanduku. Alinunua jipya getini, jeupe lote. Mhudumu alimwonea huruma, akamwandikia vidonge vya kuinua moyo, navyo ni vizuri kwa mwenye sonona peke yake. Kwa mwenye ncha mbili asiyepewa na dawa ya kumshikilia, vidonge hivyo vinaweza kuwa upepo nyuma ya moto. Wiki ya tatu alianza kuamka saa nane za usiku kufagia uwanja wa jirani. Binti yake aliwahi, vikasimamishwa, tukamshukuru Mungu. Simlaumu mhudumu yule. Kurasa mbili za miaka ishirini na kitu iliyopita ndizo zilizokuwa na jibu, na kurasa hizo zilikuwa zimelaliwa na khanga.

Mzee wa mbele yangu aliposema juu ya gia nilimwelewa kwa ajili ya mjomba. Mke wa mjomba alikuja kuijua gia ile. Haikuwa katika maneno ya mumewe wala katika hasira yake. Ilikuwa katika usingizi. Akiona usiku wa kwanza mumewe amelala kwa saa tatu tu na ameamka mchangamfu kuliko aliyelala nane, alijua tumefika ukingoni. Baada ya mwaka 2008 hakungoja tena. Alimtolea kisingizio asiende kukesha matangani, akamficha redio, akampeleka kwa daktari akiwa bado anasalimia watu kwa majina yao, na akasimamia vidonge kama anavyosimamia chumvi ya mboga. Daftari la tatu limeandika mambo hayo kwa maneno matatu: Amekuja mapema. Amelala. Mania zilizozuiwa hazikuhesabiwa mahali popote, na siwezi kuzihesabu mimi. Naamini zilikuwa zaidi ya nne.

Kuna habari ya jiwe ambayo siwezi kuipita nikiwa Sekenke. Mlima huu ulichimbwa dhahabu na Wajerumani, na vita ya kwanza ya dunia ilipowakata na kwao, mwaka 1916, walichukua dhahabu ya hapa, wakaipeleka katika karakana ya reli ya Tabora, wakagonga sarafu za rupia 15: tembo amenyanyua mkonga, mlima nyuma yake. Mjomba aliipenda sana habari hiyo. Akiwa mzima aliisimulia vizuri na kwa mpangilio, na akipandwa ilikuwa yake, sarafu zake, tembo wake. Lithiamu nayo ni metali iliyotoka jiweni, ndiyo maana jina lake linatokana na neno la Kigiriki la jiwe. Msweden Johan August Arfwedson aliitambua mwaka 1817. Mwaka 1949 John Cade wa Australia aliwapa chumvi yake wagonjwa kumi wenye mania, wakatulia namna ambayo hakuna aliyetarajia. Mogens Schou wa Denmark akaifuatilia mpaka dunia ikaamini; yeye alikuwa na ndugu yake wa kuzaliwa aliyeandamwa na sonona mwaka hadi mwaka, na ndugu huyo alipewa lithiamu akapata nafuu. Nalipenda jambo hilo. Mtafiti naye alikuwa na mjomba wake au mama mdogo wake, alikuwa na mlango wake wa kutazama.

Kwetu dawa hiyo sijaiona. Zipo nyingine za kushikilia hisia, na mjomba aliishi kwazo. Lithiamu inadai damu ipimwe mara kwa mara, kwa kuwa kipimo kinachotibu na kipimo kinachodhuru vinapakana, na mpaka wao unalindwa na chumvi. Figo huichukulia lithiamu kama ndugu wa chumvi: mwili ukipoteza maji na chumvi kwa jasho au kuharisha, figo huishika lithiamu isitoke, na dawa inageuka sumu. Hebu fikiria mtu anayelima mpunga Wembere mwezi wa kumi, shati limeandikwa ramani nyeupe za jasho mgongoni. Mwili wake unapungukiwa chumvi. Jiwe lililotoka mlimani kwetu lilifika Tabora likawa tembo. Kipimo cha damu hakijafika Shelui.

Na bondeni ndiko watu hufa. Hilo nalisema wazi kwa sababu tumelinong'ona mno. Mania inaweza kumtupa mtu barabarani, lakini sonona ndiyo inayomshawishi kwa sauti ya chini, siku baada ya siku, kwamba nyumba itapumua asipokuwapo. Sheria yetu ya jinai bado inamhesabu aliyejaribu kujiua kuwa mkosaji, na kwa hiyo familia hufunga mlango, na hata ile kalamu ya zahanati hudanganywa: ameanguka, amekosea dawa. Ukurasa mwingine mweupe. Kuna mwaka ambao mimi na binamu yangu tulilala kwa zamu mlangoni pa mama mdogo, tukisingizia joto. Alijua. Asubuhi moja alitupitia akienda kuchota maji, akatufunika sote wawili kwa khanga moja, asiseme neno.

Basi liliguna mara ya mwisho, barabara ikanyooka, dereva akabadilisha gia, na redio ikawashwa. Shelui nilimkuta kwenye kivuli cha jiko. Alikuwa amekonda, ila nywele zilikuwa zimesukwa upya. Nikamwamkia, akaitika, akaniuliza habari za matanga mmoja mmoja, nani alikuja na nani hakuja. Kisha nikampa madaftari ya kaka yake. Hakuwahi kusoma kwa haraka. Alisoma akifuatisha kidole, na alipofika kwenye ng'ombe wawili alicheka mpaka akafuta machozi kwa ncha ya khanga. Akafunua la tatu mpaka mwisho, zile kurasa ambazo mjomba hakuzifikia. Akaingia ndani, nikasikia kifuniko cha sanduku, akatoka na daftari lake lenye harufu ya nguo za zamani. Akayaweka pamoja pajani.

"Mwanangu, haya meupe yote," aliniuliza, "hawakuona kitu cha kuandika?"

Nikamwambia hawakuwapo.

Alinyamaza. Kwa mazoea nilianza kukipima kile kimya, kina chake, urefu wake. Halafu akaninyooshea kidole mfuko wa shati.

"Kalamu hiyo inaandika?"

"Inaandika, mama."

"Basi weka tarehe. Andika leo nimeamka saa kumi na mbili, mwili mzito. Nimechota maji ndoo mbili." Akanitazama nilivyokuwa nikiandika. "Na hizo ndoo umeziandika?"

Nikamwonyesha mstari. Akaugusa kwa kidole, neno kwa neno, mpaka ndoo mbili.